Motokaa Ijibadilishiayo Gia na Maradhi ya Uzee Wake

Huenda ikawa, msomaji, kwamba nyumbani kwenu au kwa jirani iko motokaa kuukuu ya namna hii. Asubuhi mwenyewe hutia ufunguo, injini ikaitika vizuri, akausogeza mkono wa gia mpaka kwenye herufi D, na gari lisiende. Lasimama kama punda aliyegoma. Zapita sekunde mbili, tatu, nne, kisha lashtuka na kuruka mbele kwa kishindo hata waliomo ndani wakagongana vichwa. Jioni mwenye gari hurudi kutoka kwa fundi na habari nzito: giaboksi imekufa, yatakiwa nyingine, na bei yake yaweza kumeza karo ya mtoto ya mihula kadha. Neno hilo, “imekufa”, ndilo nitakalo tulichunguze. Mara nyingi hutamkwa na mtu ambaye hajauliza marehemu aliugua nini, na pengine marehemu mwenyewe yu hai.

Kuuliza huko kwataka historia. Giaboksi ijibadilishiayo gia haikubuniwa na mtu mmoja siku moja. Iliundwa kiungo baada ya kiungo kwa muda wa miaka kama hamsini, na kila kiungo kilitiwa ili kuondoa taabu fulani ya dereva. Kila kiungo kikaja na ugonjwa wake. Mtu anayejua kiungo kipi kilikuja kwa kazi gani ana njia ya kukisia kipi kinachouma.

Tuanze na swali ambalo pengine hukupata kujiuliza: kwa nini motokaa iwe na gia hata kidogo? Injini ya petroli ina tabia moja mbaya, nayo ni kwamba haina nguvu iendapo polepole. Injini ya mvuke ya garimoshi yaweza kuanza kusukuma ikiwa imesimama kabisa, lakini ya petroli ikizungushwa polepole mno huzimika. Kwa hiyo hapana budi pawe na kitu baina ya injini na magurudumu, ili gari liondoke taratibu huku injini ikizunguka upesi, na baadaye gari lishike mwendo bila injini kulia. Katika miaka ya 1890 kampuni ya Kifaransa ya Panhard et Levassor iliweka mpango uliofuatwa na wengi: injini mbele, nyuma yake klachi, kisha sanduku la gia zinazosukumwa kwa mkono zikutane meno kwa meno.

Mpango huo ulifanya kazi, lakini ulimtesa dereva. Gia mbili zinazozunguka kwa kasi mbalimbali hazikubali kuumana. Hukwaruzana kwa sauti ya kutia meno ganzi. Dereva wa siku hizo alijifunza kukanyaga klachi, kutoa gia, kuachia klachi, kukanyaga mafuta kidogo, kukanyaga klachi tena, ndipo atie gia nyingine; na hayo yote huku kilima kinamngoja. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza gari lenye vipete vya kulinganisha kasi ya gia kabla hazijakutana. Aliyebuni vipete hivyo alikuwa Earl Thompson. Likumbuke jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Mwingine aliyejaribu kumpunguzia dereva mzigo, kwa njia tofauti kabisa, alikuwa Henry Ford. Motokaa yake ya Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908 na kuundwa hata mwaka 1927, ilikuwa na gia ambazo haziachani kamwe. Gia iko katikati kama jua, na gia ndogo huizunguka kama sayari. Mpango wa namna hii una siri nzuri: ukishika kiungo kimoja kisizunguke, vilivyosalia hubadili mwendo, ukishika kingine, huzungushwa kinyumenyume. Hapana meno yanayotafutana gizani. Kazi yote ni kushika na kuachia, na katika gari la Ford mshikaji alikuwa mkanda uliokazwa kwa pedali ya mguu. Ubaya wake ni kwamba mkanda huisha. Ulipolegea gari liliteleza, na mwenyewe hakuwa na budi kufungua kifuniko na kuukaza. Madereva wengi wa gari hilo walipanda vilima vikali kinyumenyume, kwa sababu gia ya nyuma ilikuwa na nguvu zaidi na petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake tu, bila pampu. Fikiri abiria wa leo angesema nini.

Ilibaki klachi, na dawa yake ilitoka mahali ambapo hapakuwa na motokaa, yaani katika karakana ya meli. Mjerumani Hermann Föttinger alifanya kazi katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, na shida yake ilikuwa kwamba mitambo ya mvuke ilizunguka upesi mno kwa rafadha ya meli. Mwaka 1905 aliandikisha hataza ya chombo ambacho ndani yake chuma hakigusi chuma. Chukua feni mbili uzielekeze uso kwa uso, ya kwanza uitie umeme na ya pili uiache. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili. Föttinger alitumia majimaji badala ya upepo. Ukitia baina ya magurudumu hayo mawili gurudumu la tatu linalogeuza mkondo wa majimaji, nguvu ya kuzungusha huongezeka, yapata mara mbili au zaidi wakati wa kuondoka. Chombo hicho mafundi wetu hukiita konveta. Kwa sababu ya konveta gari laweza kusimama na gia imetiwa, injini ikinguruma, wala isizimike.

Basi vipande vilikuwapo: gia za jua na sayari, mikanda na sahani za kushikia, na majimaji badala ya klachi. Kilichokosekana ni akili ya kuamua lini gia ibadilike. Hapa ndipo Earl Thompson arudipo katika hadithi. Kundi la wahandisi aliloliongoza katika kampuni ya General Motors lilitengeneza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic, ikaanza kuuzwa katika gari za Oldsmobile za mwaka wa 1940 kwa nyongeza ya dola 57. Ilikuwa na gia nne za mbele, na dereva hakuwa na pedali ya klachi hata kidogo.

Nakuomba usome polepole sehemu hii, maana karibu maradhi yote tutakayoyataja yametoka hapa. Ndani ya giaboksi imo pampu inayosukuma oili. Oili hiyo ndiyo mkono unaokaza mikanda na kubana sahani. Lakini iende wapi, na lini? Yaamuliwa na vali ndogo zinazotelezeka katika matundu yake, na kila vali yasukumwa kutoka pande mbili, kama watu wavutanao kamba. Upande mmoja uko msukumo unaotokana na mwendo wa gari: vizito vidogo vinavyozunguka hurushwa nje kama jiwe katika kombeo, na kadiri gari linavyoongeza mwendo ndivyo vifunguavyo njia ya oili. Kiungo hicho huitwa gavana, na jina hilo lilikuwa la mitambo zamani sana kabla ya magavana wetu wa kaunti waliochaguliwa mara ya kwanza mwaka 2013. Upande wa pili uko msukumo unaotokana na mguu wa dereva juu ya pedali ya mafuta. Gavana husema, “Mwendo umetosha, pandisha gia.” Mguu hujibu, “Ngoja, nataka nguvu.” Anayeshinda ndiye anayeisogeza vali. Hapana kompyuta wala umeme. Ni oili na springi tu, lakini giaboksi yaamua kama mtu mwenye busara.

Vita Kuu ya Pili ilikijaribu chombo hicho kwa namna ambayo dereva wa mjini asingeweza. Kifaru chepesi cha Marekani kiitwacho M5, kilichoanza kuundwa mwaka 1942, kiliendeshwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Baada ya vita mambo yalikwenda mbio. Buick walileta Dynaflow kwa gari za mwaka wa 1948, Chevrolet wakaleta Powerglide mwaka 1950, na watu wasio na mali nyingi nao wakaanza kuzipata. Herufi zenyewe zilichelewa kukubaliana. Gari za kwanza za Hydra-Matic hazikuwa na P, na gia ya nyuma ilikaa mwisho kabisa, jirani ya gia ya nguvu, hata mtu aliyezoea gari la kampuni nyingine aliweza kurudi nyuma alipotaka kwenda mbele. Kanuni za usalama za Marekani zilizoanza kushika mwaka 1968 ziliagiza N ikae baina ya gia za mbele na ya nyuma.

Oili yake nayo ina historia ya kusikitisha. General Motors walitoa kipimo cha oili hiyo mwaka 1949, nayo ilitiwa mafuta ya nyangumi ili sahani zishikane kwa ulaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipiga marufuku mafuta hayo, kwa kuwa nyangumi walikuwa wakimalizwa, na wakemia wakalazimika kutafuta kitu kingine. Tangu hapo oili zimekuwa za namna nyingi, na iliyo chakula kwa giaboksi hii yaweza kuwa sumu kwa ile. Rangi nyekundu isikudanganye. Ni rangi iliyotiwa tu, ili oili hiyo isichanganywe na ya injini.

Zilitufikiaje sisi? Japani ilijenga viwanda vyake mahususi vya giaboksi hizi: Aisin-Warner mwaka 1969, na JATCO mwaka 1970. Kufikia mwaka 1991 Wajapani walikuwa wamezizoea hata serikali yao ikatoa leseni ya udereva ya gari za otomatiki peke yake. Nao, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo gari lililochakaa machoni pa Mjapani hushushwa bandarini Mombasa likiwa tayari kwa barabara zetu. Kenya imeweka sharti kwamba gari lililotumika lisiwe limezidi umri wa miaka 8 linapoingizwa nchini. Lakini likiisha kuingia laweza kuishi miaka mingine 20, likipita mikononi mwa wenyeji watano, na hapana hata mmoja ajuaye kama oili ya giaboksi ilipata kubadilishwa.

Sasa turudi kwa yule punda wetu wa asubuhi.

Jambo la kwanza ni oili, na huu ni uchunguzi ambao hata wewe waweza kuushuhudia bila spana. Katika gari nyingi za zamani kiko kijiti cha kupimia. Gari liwe pahali tambarare, giaboksi iwe imepata joto, na aghalabu injini iwe inanguruma na mkono wa gia uwe kwenye P. Lakini kampuni nyingine hutaka injini iwe imezimwa, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kwanza. Tazama rangi, kisha unuse. Oili yenye afya ni nyekundu na haina harufu kali. Ikiwa imekuwa ya kahawia au nyeusi na yanuka kama mkate ulioungua, sahani zimeteleza na kuungua. Ikiwa imefanana na mtindi uliotiwa rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu katika gari nyingi oili hupozwa ndani ya rejeta, na ukuta baina yao umetoboka. Gari hilo lisiendeshwe hata hatua moja zaidi.

Gari linalokawia kuondoka asubuhi, kisha likapona likipata joto, mara nyingi lina mojawapo ya mambo mawili. Ama oili imepungua, na pampu yavuta hewa. Ama sili za mpira zimekauka kwa uzee, na oili iliyotakiwa kubana sahani yavujia ndani kwa ndani mpaka ijikusanye. La kwanza laponywa kwa oili na kutafuta panapovuja. La pili lataka giaboksi ifunguliwe, lakini kubadili sili si kununua giaboksi mpya.

Kuteleza ni jambo jingine. Injini yapanda sauti, gari haliongezi mwendo. Hapa mkumbuke Ford na mkanda wake: kuna kitu kilichopaswa kushika nacho hakishiki. Fundi mzuri hauliza tu “Je, lateleza?” bali “Lateleza katika gia zipi?” Katika giaboksi nyingi za gia tatu za miaka ya 1960 na 1970, sahani zile zile zinazobana katika gia ya tatu ndizo zinazobana pia katika gia ya nyuma. Kama gari laenda vema katika gia ya kwanza na ya pili, likashindwa katika ya tatu, na halirudi nyuma, basi si maradhi mawili; ni moja, na pahali pake pajulikana kabla ya bolti moja kufunguliwa. Mimi sijui hesabu nzuri kuliko hii nje ya darasa.

Kuna gari linalochelewa kupandisha gia, injini ikalia mno kabla haijabadilika. Kumbuka wale wavuta kamba. Ama gavana amedhoofika, vizito vyake vimekwama kwa uchafu, ama upande wa mguu wavuta kwa nguvu isiyo yake. Upande huo wa pili mara nyingi ni kitu cha nje na cha bei ndogo: waya uliofungwa vibaya kutoka kwenye pedali, au mpira mwembamba wa kuvuta hewa uliopasuka. Gia zinazoingia kwa kishindo nazo zaweza kuwa na asili hiyo hiyo, au yaweza kuwa raba za kushikilia injini zimechoka, na giaboksi yashtakiwa kosa la jirani.

Katika gari zilizoundwa tangu miaka ya 1980, kompyuta ilianza kuchukua kazi ya gavana. Vipima-mwendo hupeleka habari kwa umeme, na vali hufunguliwa na koili ndogo ziitwazo solenoidi. Kompyuta ikipoteza habari hujilinda kwa kushika gia moja tu, mara nyingi ya tatu, na gari likaondoka kwa uzito kama lililobeba saruji. Katika gari nyingi za Kijapani taa iliyoandikwa O/D OFF humetameta yenyewe. Dereva akiona hivyo, gari lipimwe kwa mashine ya kusoma kompyuta kabla mtu hajatamka neno giaboksi. Yawezekana ni waya uliotafunwa na panya.

Kiko pia kipimo cha kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja, gia ikiwa kwenye D, ili kutazama injini itafika mizunguko mingapi. Ikizidi kiasi kilichoandikwa na kiwanda, sahani zateleza. Ikipungua, injini ni dhaifu au konveta ina kasoro. Ni kazi ya fundi peke yake, magurudumu yamezuiwa kwa mawe na pasiwe na mtu mbele, wala isizidi sekunde 5, kwa maana oili huchemka mara moja. Nimekitaja ili ujue kuwa kipo, na ili fundi akikataa kukifanya, wala kutia geji ya kupima msukumo wa oili, na bado ataka kushusha giaboksi, umwulize sababu kwa adabu.

Namkumbuka mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, aliyekuwa na motokaa ya Kijerumani ya mwaka wa 1984. Ilianza kubadili gia kwa vishindo, tena kwa kuchelewa, na kutoa moshi mweupe nyuma. Fundi wa kwanza alisema injini imekwisha. Wa pili akasema giaboksi imekwisha. Mwalimu alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa ng'ombe wake wawili, ndipo mwanawe akampeleka kwa mzee mmoja karibu na Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ile ambayo wengi bado huiita Grogan.

Mzee hakushika spana. Aliuliza, “Mwalimu, oili ya giaboksi mwaongeza mara ngapi?”

“Kila wiki mbili, fundi.”

“Na pale mnapolilaza gari, chini pana oili?”

“Hapana hata tone.”

Mzee akacheka kidogo. “Basi oili hiyo yaenda wapi, Mwalimu?”

Akainama, akachomoa mpira mwembamba uliotoka kwenye injini na kuingia katika kikopo cha bati ubavuni mwa giaboksi. Mpira huo kazi yake ni kubeba hewa tu. Aliuinamisha, nayo oili nyekundu ikachuruzika kiganjani mwake. Ndani ya kikopo kile mna ngozi ya mpira inayoipasha giaboksi habari za mguu wa dereva kwa mvuto wa hewa ya injini. Ngozi ilikuwa imepasuka. Giaboksi haikupata habari za kweli, ndipo ikachelewa na kugonga. Na injini, kwa mvuto ule ule, ilikuwa ikinywa oili ya giaboksi na kuitoa moshi.

Kikopo kipya kilitiwa saa ile ile, kwa bolti moja. Ng'ombe hawakuuzwa. Moshi uliendelea kwa kilomita chache, mpaka oili iliyobaki ndani ya bomba ilipokwisha kuungua.